Nilimpa Sifuri Mtoto Anayekijua Kijungu

Haya wadau, nimerudi kampasi. Mliokuwa mnauliza nimepotelea wapi, nilikuwa BTP, yaani mazoezi ya kufundisha, huko Kiwira wilayani Rungwe. Kama hujawahi kufika: ukitoka Uyole unashika ile barabara ya Tukuyu na Kyela, baridi inaanza kukusalimia njiani, halafu unakuta malori yanapakia ndizi na viazi. Hapo ndipo. Nimekula ndizi mpaka nimekaribia kuota majani.

Leo sina stori ya boom wala ya foleni ya kantini. Leo nina ugomvi, na nina dhambi ya kuungama. Nianze na ugomvi.

Juzi kwenye semina mada ilikuwa pozitivizimu na konstraktivizimu katika kufundisha na kujifunza. Jamaa yangu mmoja akasimama, akasema: "Jamani tusidanganyane. Konstraktivizimu ni ya Ulaya, darasa lina watoto ishirini na maabara. Sisi tuna watoto sabini na chaki. Wape notsi, wakariri, wafaulu, basi." Makofi yakapigwa. Mimi sikupiga, na nilikosa ujasiri wa kumjibu palepale. Namjibu hapa.

Kwa msiosoma ualimu, kwa kifupi tu. Pozitivizimu ni ya Mfaransa Auguste Comte, karne ya 19. Inasema maarifa ya kweli ni yale yanayoonekana, yanayopimika na yanayothibitishwa. Ukweli uko huko nje, uupende usiupende. Ikiingia darasani kwa mlango wa nyuma inageuka hivi: mwalimu anao ukweli, mtoto ni ndoo tupu, mimina, halafu pima kwa mtihani ndoo imejaa kiasi gani. Konstraktivizimu, ya akina Jean Piaget wa Uswisi na Lev Vygotsky wa Urusi (wote walizaliwa 1896), inasema mtoto haji mtupu. Anakuja na mambo yake anayoyajua, na kila kipya anakijenga juu ya hayo, akisaidiwa na mwalimu na wenzake.

Sasa sisi tulifundishwaje hiyo ya pili? Ukumbini, mamia ya watu, slaidi zinasomwa, sisi tunanakili. Mtihani ukaja: taja sifa tano. Nikazitaja zote tano kutoka kwenye desa nililorithi kwa mwaka wa juu yangu, nikapata A. Yaani nina A ya ujenzi wa maarifa na sijawahi kujenga hata tofali moja.

Na A yangu hiyo nikaenda nayo Kiwira.

Nilipewa jiografia, kidato cha tatu, mada ya kazi ya mto. Siku ya kwanza nikaandika ubaoni, kwa Kiingereza, fasili ya yale mashimo ya duara ambayo mto unayachimba kwenye mwamba. Kiingereza wanaita pothole. Wakanakili wote, tena kwa mwandiko mzuri kabisa. Nikauliza mmeelewa? Wakaitikia ndiyo kwa pamoja. Nikauliza nani atueleze. Kimya. Kimya cha kanisani siku ya Ijumaa Kuu.

Sasa angalieni ujinga wangu. Si mbali na shule ile, upande wa chuo cha Magereza, mto Kiwira unatumbukia kwenye shimo la mwamba, maji yanazunguka na kutoa povu kama yanachemka, kumbe ni ya baridi. Wenyeji wanapaita Kijungu. Chungu kidogo! Hata hilo neno la Kiingereza lina chungu ndani yake. Na mto huo huo ndio wenye Daraja la Mungu, ule mwamba wa volkano uliokatiza juu ya maji kama daraja. Watoto wale wamekua na vitu hivyo. Mimi mgeni nimekuja kuwasomea fasili utadhani mashimo hayo yako Kanada.

Kipindi kilichofuata nikafunga kitabu. Nikauliza kwa Kiswahili: Kijungu kilichimbwa na nani?

Darasa likalipuka. Kijana mmoja akasema Wajerumani. Msicheke, Tukuyu ilikuwa boma la Wajerumani, wakaiita Neu Langenburg, kwa hiyo kule ukiona kitu cha ajabu ni rahisi kumbambikia Mjerumani. Hapa kuna wenzetu wengine, wale wanaodhani konstraktivizimu maana yake kila jibu ni sahihi, wangemwambia "vizuri sana, huo ni mtazamo wako". Hapana bwana. Mjerumani hakuchimba Kijungu. Ukweli wa hilo uko pale mtoni, na hapo pozitivizimu ina haki yake kamili.

Ila sikumwambia amekosea. Nikawaachia wenzake. Binti mmoja wa dawati la nyuma akasema: "Mbona kwenye miamba ya kando kuna vishimo vidogo vya duara vilevile, na ndani vina mawe yamelainika? Na hivyo walichimba Wajerumani?" Mwingine akadakia kwamba maji yakija mengi yanayazungusha yale mawe na mawe yanasaga mwamba, kidogo kidogo, miaka na miaka. Yule wa Wajerumani akafikiri, akacheka mwenyewe, akakubali.

Dakika kumi na tano. Hakuna projekta, hakuna maabara, hakuna basi la kwenda mtoni. Watoto walikuwa sitini na nane. Rafiki yangu wa semina, naomba uisome tena hiyo namba.

Na ona kitu kingine. Ukweli waliofikia ni uleule wa kitabuni. Walichofanya ni kuangalia, kulinganisha, na kukataa maelezo yasiyolingana na kinachoonekana. Hicho ndicho Comte alichokuwa anakihubiri! Aliyenakili fasili ubaoni hajaangalia kitu, hajapima kitu, hajathibitisha kitu. Amemwamini ticha tu, kwa sababu ticha ana chaki. Kwa hiyo mnaotetea notsi kwa jina la pozitivizimu mnamsingizia mzee wa watu. Notsi hazina izimu yoyote. Ni uvivu wetu uliovaa tai.

Sasa dhambi yangu.

Ukaja mtihani wa katikati ya muhula. Swali la kwanza: toa fasili ya shimo lile, alama mbili. Mwongozo wa kusahihishia ulikubaliwa idarani, na mimi nilikuwepo, nilinyoosha mkono. Maneno muhimu yawepo, yasipokuwepo hakuna alama. Yule binti wa dawati la nyuma hakuandika sentensi yoyote. Alichora shimo, mawe ndani yake, mishale ya maji ikizunguka, na pembeni neno moja: Kijungu. Nikaitazama karatasi ile muda mrefu. Halafu nikaandika 0 kwa kalamu nyekundu. Jirani yake aliandika fasili neno kwa neno, na nina hakika hawezi kuieleza kwa lugha yoyote. Nikampa zote mbili.

Naye mhadhiri aliyekuja kunikagua alisema somo lilichangamka, lakini notsi ubaoni zilikuwa pungufu. Akanikata alama.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba wingi wa watoto ni kisingizio. Swali ni nani anapewa alama, na anapewa kwa kitu gani. Kwa maana kwenye karatasi nchi hii ilishaamua zamani. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere, ambaye mwenyewe alifundisha Pugu, alilalamika kwamba shule zinamfanya mtoto aone maarifa yote yako kwenye vitabu na kwa wasomi, na kumdharau mzee wake kijijini. Mtaala wa sekondari wa 2005 ukahamia kwenye umahiri, mwanafunzi awe katikati ya somo. Sera ya Elimu ya 2014 ikatolewa toleo jipya 2023, na mtaala mpya ukaanza kutumika kwa awamu kuanzia 2024, nao unaimba umahiri. Karibu miaka sitini ya maneno mazuri. Lakini mtoto wa Kiwira hasomi sera. Anasoma mitihani iliyopita, na mwalimu wake anasoma hiyo hiyo.

Mtaniambia alama ni namba, na namba haina upendeleo. Eti? Mnakumbuka matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012? Yalipotoka mapema 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa, watu zaidi ya laki mbili, walikuwa na divisheni sifuri. Nchi ikatikisika, tume ikaundwa, na Mei 2013 serikali ikayafuta yale matokeo, yakapangwa upya kwa utaratibu mwingine wa alama. Sifuri zikapungua. Karatasi zilezile, majibu yaleyale, watoto walewale. Sisemi walikosea kupanga upya. Nasema hata ile namba kuna watu waliikalia kikao wakaijenga, kama mimi na idara yangu tulivyokalia alama mbili za Kijungu. Basi tusijifiche nyuma yake kana kwamba imeshuka toka mbinguni.

Halafu lugha. Mtoto wa kule nyumbani anaongea Kinyakyusa, shule ya msingi amesoma kwa Kiswahili, kidato cha kwanza anakutana na Kiingereza karibu kila somo. Tunamwambia jenga juu ya unachokijua, lakini unachokijua usikitaje kwa lugha uliyokijulia. Sera ile ya 2014 ilizungumzia Kiswahili kutumika ngazi zote. Mpaka leo mitihani ya jiografia ya sekondari inaandikwa kwa Kiingereza. Sisemi Kiingereza kifutwe, tunakihitaji. Nasema siku ya kupima jiografia tupime jiografia.

Kwa hiyo ninachotaka ni kidogo tu. Swali la mtihani limuulize mtoto aeleze kitu anachoweza kukiona, na mwongozo uupe mchoro sahihi alama zake. Wakaguzi wetu wa BTP waache kuhesabu mistari ubaoni, wamwite mtoto mmoja wa nyuma wamuulize leo umeelewa nini. Na idara yetu hapa kampasi iache kutupima konstraktivizimu kwa "taja sifa tano". Ituletee kosa halisi la mwanafunzi, ituulize: ungeanzia wapi?

Na wewe rafiki yangu wa semina, ukipangiwa kazi usiseme unasubiri watoto wapungue. Hawatapungua. Uliza swali moja kwa kipindi ambalo jibu lake hujaliandika ubaoni, kisha nyamaza uwasikilize.

Siku ya kuondoka nilimtafuta yule binti. Nikamwambia ule mchoro wako ulikuwa sahihi kabisa, sikuona jibu zuri kuliko lile darasa zima. Akaniangalia kwa adabu zote za kule, akauliza taratibu: "Sasa mwalimu, mbona ulinipa sifuri?"

Nikababaika. Nikasema kitu kuhusu mwongozo. Akaitikia "sawa mwalimu", akaenda zake kuchota maji.

Wadau, mwenye jibu zuri kuliko langu aniandikie, nitamfikishia. Nawasilisha.