Kidole Hufuata Sikio
Wiki hii, ufukweni Gisenyi, Rwanda, nilimwona kijana akijifunza inanga, ala ya muziki ya jadi, kwa simu: anasikiliza kipande kifupi, anasimamisha, kisha vidole vinatafuta sauti ile ile kwenye uzi mrefu uliopitishwa mara kadhaa juu ya ubao uliochongwa kama sinia. Waayalandi nao hurithishana jigi, nyimbo zao za dansi, za mandolini kwa kusikiliza. Naamini kidole hufuata lilikotangulia sikio. Lakini mpigaji Sophie Nzayisenga alifundishwa inanga na baba yake, Thomas Kirusu, aliyekuwa karibu naye ili kumsahihisha. Mwalimu wa ana kwa ana anaweza kupatikana shuleni pia: Nyundo, jirani na Gisenyi, shule ya sanaa ilianza kufundisha muziki mwaka 2014. Simu huhifadhi wimbo, haimlei mpigaji. Wazee wa inanga wapewe darasa na mshahara wangali hai.