Stempu za Kale: Usiuze Kitabu Kizima

Barua ya juma hili imetufikia kutoka Kiyovu, mtaa ulio mteremkoni katikati ya jiji la Kigali. Aliyeiandika ni mama wa watoto wanne, mke wa askari. Baba mkwe wake, aliyekuwa karani wa posta tangu enzi za Wabelgiji, amefariki na kuacha kitabu kikubwa cha stempu pamoja na furushi la bahasha kuukuu. Kiyovu ni mtaa wa balozi na hoteli, na wanunuzi wa vitu vya kale hawakosi kupita huko. Mmoja wao alikifunua kitabu hicho kwa muda wa robo saa, akataja faranga laki tatu kwa vyote, na akataka ajibiwe kabla ya Jumamosi. Ada za shule zinadaiwa. Mama anauliza: auze?

Tumekwisha kumpigia simu kumsihi asubiri. Mnunuzi wa haki haogopi kungoja, na mtu anayekuharakisha aghalabu ameona kitu ambacho hataki nawe ukione. Hata hivyo hatukumwambia kwamba ana utajiri mkononi, kwa maana yamkini hana. Kitabu cha namna hiyo huwa na stempu mia tisa zisizonunua hata kilo ya sukari, na pengine moja au mbili zinazoweza kusomesha mtoto. Kazi yote ni kuzipambanua.

Mama ametuorodheshea kurasa kwa uangalifu unaostahili pongezi. Kurasa za mwanzo ni stempu za Marekani za karne ya 19, zenye vichwa vya Franklin na Washington, ambazo marehemu alibadilishana kwa barua na wenzake wa ng'ambo. Yeye anadhani hizo ndizo mali, kwa sababu ndizo kongwe kuliko zote. Wengi hudhani hivyo. Lakini umri peke yake hauipi stempu bei.

Marekani ilitoa stempu zake za kwanza kwa nchi nzima mwaka 1847: ya senti 5 yenye sura ya Franklin na ya senti 10 yenye sura ya Washington. Ya senti 10 ilitolewa kwa idadi ndogo, nayo ikiwa nzima na safi huuzwa kwa mamia ya dola hata kama ilikwisha kutumika. Miaka kumi na minne baadaye vikaja vita baina ya majimbo ya Kaskazini na ya Kusini. Serikali ya Washington ikaona kwamba akiba kubwa ya stempu imebaki mikononi mwa waasi, ambao wangeweza kuiuza na kujipatia fedha. Basi mwaka 1861 ikazifuta stempu za zamani na kutoa mpya. Ya senti 3 katika hizo mpya, yenye rangi ya waridi, ilichapwa zaidi ya bilioni moja. Ina umri wa zaidi ya miaka mia na hamsini, na bado huweza kununuliwa kwa dola mbili tatu. Mama anazo kumi na moja.

Sasa tazameni jambo dogo linavyoweza kugeuza hesabu. Posta ya Marekani ilihofia kwamba watu wangeusafisha wino wa muhuri na kuitumia stempu mara ya pili. Kuanzia mwaka 1867 ikatumia mashine ya kubonyeza vinundu vidogo vilivyopangwa mraba kwenye karatasi, ili wino uzame ndani usifutike. Vipimo vya mraba huo vilitofautiana, na wakusanyaji wakaipa kila aina herufi yake. Stempu ya senti 1 ya buluu, yenye sura ya Franklin, ni ya kawaida kabisa. Lakini yenye vinundu vya aina inayoitwa Z zinajulikana mbili tu duniani. Moja imo katika mkusanyo wa maktaba ya umma ya New York. Ya pili iliuzwa mnadani mwaka 2024 kwa zaidi ya dola milioni nne. Ukiziweka sahani moja na nyingine ya senti 1 isiyo na vinundu, jicho tupu halioni tofauti. Hatusemi kwamba ya tatu imo Kiyovu. Tunasema tu kwamba robo saa haitoshi kukikagua kitabu cha namna hii, ila kwa mtu ajuaye hasa anachokitafuta.

Lakini tuliposoma orodha ya mama hadi ukurasa wa kumi na tisa, ndipo tulipoketi vizuri. Anaandika: "Kuna sita za Kongo, zina picha ya bandari na ya mtu anayekwea mti, juu yake wamepiga neno RUANDA."

Wasomaji wetu wa jeshini watapenda kujua asili ya neno hilo. Mwezi Mei mwaka 1916 majeshi ya Kongo ya Kibelgiji, chini ya amri ya Jenerali Charles Tombeur, yaliingia Kigali, kituo kidogo ambacho Richard Kandt alikuwa amekianzisha kwa ajili ya Wajerumani mwaka 1907. Septemba ya mwaka huo huo yakaitwaa Tabora. Nchi zilizotekwa zilihitaji posta, nayo posta ilihitaji stempu. Zikachukuliwa stempu za Kongo za mwaka 1915, zenye picha ya bandari ya Matadi, maporomoko ya maji na mkwezi wa michikichi, zikapigwa chapa juu yake: nyingine RUANDA, nyingine URUNDI. Hazikudumu. Katika mwaka huo huo wa 1916 zilikuja nyingine zenye maandishi marefu, kwa Kifaransa na Kiholanzi, ya kusema kwamba hii ni Afrika Mashariki ya Kijerumani iliyo chini ya Wabelgiji. Hizo za maandishi marefu ni nyingi na bei yake ni ndogo. Zile za neno moja, zikiwa halisi, ni miongoni mwa stempu zinazotafutwa sana katika sehemu zetu.

Zikiwa halisi. Hapo ndipo penye mtihani wote. Stempu ya Kongo ya mwaka 1915 isiyo na maandishi ni rahisi kuipata, na mtu mwenye herufi za chapa na wino mweusi anaweza kuipiga neno RUANDA nyumbani kwake. Wameghushi sana, tena tangu zamani. Karatasi ni ya kweli, picha ni ya kweli, meno ya pembeni ni ya kweli. Uongo ni herufi sita tu. Wamarekani nao wana shida iyo hiyo, kwani wapo waliobonyeza vinundu vya bandia kwenye stempu za bei ndogo. Kwa hiyo stempu sita za mama, kama zilivyo leo, si mali wala si takataka. Ni swali lisilojibiwa, na mnunuzi alitaka kununua swali hilo kwa bei ya takataka.

Jibu hupatikana kwa wakaguzi. Chama cha kifalme cha wakusanyaji kilichoko London kina jopo la wataalamu wa kazi hiyo, na kwa zile za Marekani iko taasisi ya Philatelic Foundation mjini New York. Hupokea stempu yenyewe, huikagua, kisha hutoa hati yenye picha yake. Kazi hiyo ina gharama, hivyo usipeleke kitabu chote. Mama na apige picha zilizo wazi, mbele na nyuma, azitume kwanza kwa nyumba mbili au tatu za mnada zinazouza stempu za Kongo na Ruanda-Urundi, aulize kama zinastahili kukaguliwa. Wakisema ndiyo, apeleke hizo sita tu, kwa posta ya rejista. Wala asidanganywe na bei zilizoandikwa katika vitabu vya wafanyabiashara: aghalabu bei ya mnadani huwa chini sana ya hizo.

Wakati huo huo, asiguse kwa vidole; kibano cha nyusi kilicho safi na kisicho na makali kinatosha. Asioshe, asisugue doa, asibandike kwa utepe wa gundi. Kitabu kisimame wima kabatini, kisilazwe chini ya mzigo, maana katika masika ya Kigali gundi hulainika kwa unyevu na kushika ukurasa. Unyevu ni adui wa kale. Wajerumani walipozingirwa katika vita hivyo hivyo walichapa stempu zao Wuga, huko Usambara, mwaka 1916, kisha wakazifukia zisitekwe. Zilipofukuliwa baada ya vita, nyingi zilikuwa zimeharibika ardhini.

Na zile bahasha? Mama anasema alikuwa amekwisha anza kukata pembe zenye stempu ili azipange kitabuni, naye amekata tatu. Aache mara moja. Bahasha nzima yenye stempu, muhuri wa posta, tarehe na anuani huonyesha barua ilitoka wapi na ilipita wapi, na mara nyingi huthaminiwa kuliko stempu iliyobanduliwa. Muhuri wa posta ya jeshi wa miaka ya 1916 hadi 1918 ni wa kutunzwa hata ukiwa juu ya bahasha iliyochanika. Familia za askari zina makasha ya barua za babu zao. Tunaziomba zitazame mihuri kabla ya kuwashia moto wa jiko.

Zimebaki kurasa za mwisho, zilizojaa maua, nyani na wanariadha: ni stempu za Rwanda za miaka ya 1960 na 1970. Zinapendeza kuliko zote, na ndizo zenye bei ndogo kuliko zote, kwa sababu nyingi zilichapwa kwa kuwalenga wakusanyaji wa ng'ambo, nyingine zikiwa na thamani ya senti kumi au ishirini ambayo peke yake haikuweza kusafirisha barua. Mnunuzi akirudi Jumamosi, hizo anaweza kuuziwa, pamoja na zile kumi na moja za rangi ya waridi, ili zisaidie ada ya muhula huu. Binti mdogo wa nyumba hiyo ameomba apewe zile za nyani abandike kwenye daftari lake la sayansi. Apewe.