Wimbo "hauna sauti": nani anapima, na anapima na nini?

Manguredjipa, Butembo, Beni: vijana wanaimba, na wengi wao wanapata jibu moja wakifika kwenye redio: wimbo wako hauna sauti nzuri. Kijana amelipa studio Butembo, amevumilia barabara na fulashi mfukoni, kisha neno hilo moja linamrudisha nyumbani. Mwingine, mwenye rafiki ndani ya redio, wimbo wake unapita. Ndiyo maana kupima ubora wa sauti siyo jambo la mainjinia peke yao. Bila kipimo, sikio la mtu mmoja njo linakuwa tribinali.

Nguvu ya sauti

Mwaka 2006, shirika la kimataifa la mawasiliano, UIT, lilitoa kanuni ya kupima namna sikio la mtu linasikia nguvu ya wimbo mzima, siyo kilele chake tu. Leo kipimo hicho kinajulikana kama LUFS. Mwaka 2010, muungano wa redio na televisheni za Ulaya ulipendekeza vipindi vyote vikae kwenye LUFS -23. Spotify inaweka nyimbo karibu na LUFS -14.

Hapo studio nyingi zinajidanganya. Zinasukuma wimbo mpaka LUFS -7 ili upige kelele kushinda za wengine. Spotify inaushusha desibeli 7, unasikika sawa na zingine, lakini ngoma zimekwisha kubanwa na vilele vimekatwa. Kilichokatwa hakirudi. Hata Metallica, kundi kubwa la Marekani, lilinung'unikiwa na wapenzi wake mwaka 2008 juu ya albamu Death Magnetic: ilisukumwa mpaka sauti inakwaruza.

Kwenye redio ndogo isiyo na mashine ya kusawazisha, shida iko kubwa zaidi. Wimbo unalia sana, msikilizaji anashusha sauti, kisha tangazo la usalama linasomwa chini chini na halisikiki. Mahali ambapo watu wanangoja habari kabla ya kwenda shambani, hilo siyo jambo dogo.

Kile kilichopotea

Kipimo cha pili ni masafa. Sikio la kijana linafika karibu kilohezi 20. MP3 ya kilobiti 128 mara nyingi inakata kila kitu juu ya kilohezi 16. Lakini FM yenyewe inapitisha mpaka 15 tu! Kwa hiyo kukataa wimbo juu tu ni MP3 ya 128 siyo haki. Shida ya kweli ni faili iliyobanwa mara tatu, mara ine: imetolewa kwenye video, imegeuzwa MP3, imerekodiwa tena na simu. Kuigeuza WAV hakuongezi kitu. Maziwa yaliyotiwa maji, hata ukiyaweka ndani ya kopo jipya, ni yale yale.

Tangu 1998 UIT iko na njia inayoitwa PEAQ. Inalinganisha faili ya asili na ile iliyobanwa, na inatoa alama: 0 maana yake hakuna tofauti inayosikika, -4 maana yake inasumbua sana. Lakini inapima kilichopotea, haipimi uzuri.

Uzuri je? "Marie-Louise" ya Wendo Kolosoy ilitoka mwaka 1948, wakati wa santuri za mizunguko 78 kwa dakika. Kwa vipimo vya leo, santuri za wakati ule zina mikwaruzo na masafa machache. Hata hivyo wimbo huo ungali unapendwa. Mashine inakamata kosa la kazi. Roho ya wimbo inabaki kwa wasikilizaji.

Kanuni moja kwa wote

Programu kama Audacity ni ya bure na inafanya kazi bila intaneti. Inaonyesha masafa na vilele vilivyokatwa, na inaweza kupanga wimbo kwenye LUFS unayotaka. Redio inaweza kubandika mlangoni mambo matatu: LUFS inayokubaliwa, kilele kisipite desibeli -1, na faili iwe ile ya kwanza kutoka studio. Mwenye wimbo uliokataliwa apewe namba, siyo neno tupu. Na namba hizo atazirudisha kule alikolipa pesa, ili kazi irekebishwe.