Kivumbasi: Harufu Yake Ina Nguvu Gani?

Nani kati yetu asiyekijua kivumbasi? Ni kile kichaka kiotacho chenyewe kando ya njia na katika mashamba yaliyoachwa, ambacho ukipikicha majani yake mkono hunukia kutwa. Wazee wetu waliyachoma majani hayo jioni ili kufukuza mbu, na wakayachemsha kumfukiza mwenye mafua. Je, walikosea? Kuhusu mbu, sayansi yasema hawakukosea; lakini haisemi yote tunayotaka kuyasikia.

Harufu ile ni mafuta yaliyomo katika vifuko vidogo mno juu ya jani. Majani yakipitishiwa mvuke wa maji, mafuta hupaa pamoja nao, na mvuke ukipoozwa mafuta hujitenga na maji. Mmea huu wataalamu huuita Ocimum gratissimum. Mara nyingi kemikali iliyo nyingi kuliko zote katika mafuta yake ni yujenoli, ile ile iyapayo mafuta ya karafuu za Unguja na Pemba harufu yake, na ambayo waganga wa meno huitumia kutuliza maumivu. Lakini mimea ya mahali pengine huwa na thaimoli kwa wingi badala yake. Kwa macho ni kivumbasi kile kile. Kwa kemia ni vitu viwili mbalimbali.

Kemikali hizi huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji. Kwa hiyo hujipenyeza katika utando unaoizunguka bakteria, utando ukalegea, vilivyomo vikavuja, na kijidudu kikafa. Ndivyo ilivyoonekana maabarani kwa bakteria waletao majipu na baadhi ya wale waletao kuhara.

Hapo ndipo pa kusimama, baba na mama. Sahani ya maabara si mwili wa mtoto. Mafuta yauayo bakteria yaweza pia kuunguza ngozi, na yujenoli nyingi ikimezwa huumiza ini. Tena majani yaliyochemshwa sufuriani hayana kipimo: hujui kemikali iliyomo ni ipi, wala ni kiasi gani.

Basi kivumbasi na kifukuze mbu, lakini chandarua kisikunjwe. Mtoto mwenye homa, mwenye kuhara au mwenye kidonda kitungacho usaha apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Kumfukiza nyumbani siku tatu ni kumwibia siku tatu za tiba.