Karatasi ya Hospitali Isomeke Nyumbani

Mgonjwa wa saratani ya umio anaporejea kwao Nyamira na mpira wa kulishia tumboni, aghalabu jamaa zake hukabidhiwa maagizo kwa Kiingereza. Nani atayasoma? Kidonda kile hutunga usaha upesi kwa aliyedhoofika kwa utapiamlo na mwenye kisukari. Kwa njia iliyotangazwa Marekani mwaka 1980, mpira huburutwa kupitia kinywani, ukafika tumboni na vijidudu vyake. Ndiyo maana dawa ya kuua bakteria hutolewa kabla. Kishikizo cha nje kikikazwa mno, ngozi hukosa damu ikaoza. Lipi hapo lisilosemeka kwa Kiswahili, au kwa Ekegusii? Walimu wenzangu, tumechoka kusahihisha insha za safari ya Mombasa. Tuwape wanafunzi karatasi hiyo waitafsiri, muuguzi aikague.