Pedi Mpya, Diski Mfu

Na Baba Zawadi

Mtu anayebeba watoto wa wenzake kila asubuhi hana haki ya kuulizia bei ya pedi za breki kabla hajaulizia unene wa diski. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili anayewahi kurasa za michezo aende nalo. Wiki hii nimeona jambo gereji ambalo bado linanichoma, na sina nia ya kulisema kwa upole.

Nilikuwa nimempeleka Shangazi. Wasomaji wa safu hii mnamjua: Corolla 110 ya mwaka 1998, jina mlimpa wenyewe, na nikikaa muda bila kumtaja mnanitumia ujumbe kuuliza kama nimemuuza. Sijamuuza. Ila usukani ulianza kutetemeka kila nikikanyaga breki mteremkoni, na pedali ikawa inausukuma mguu juu na chini. Mafundi wengi wakisikia hivyo wanasema diski imepinda. Mara nyingi haijapinda. Imelika bila usawa, huku nene, kule nyembamba, na tofauti isiyofika hata unene wa unywele inatosha kuutikisa usukani mzima.

Fundi wangu ni kijana aliyesomea ufundi VETA, hana maneno mengi. Alifungua tairi, akaisugua diski kwa brashi ya waya mpaka kutu ikatoka na maandishi yakajitokeza. Diski nyingi zimeandikwa unene wa mwisho unaoruhusiwa. Ikishazama chini ya hapo ni ya kutupa. Kati ya diski mpya na hiyo ya kutupa, mara nyingi tofauti ni milimita 2 tu. Halafu akatoa maikromita. Nilimuuliza kwa nini hatumii venia iliyokuwa pale pale mezani. Akaniwekea kidole changu kwenye ukingo wa nje wa diski, pale ambapo pedi haifiki, nikausikia umeinuka. Taya za venia zinakaa juu ya ukingo huo, akasema, zinakusomea unene ambao haupo. Nimekaa kwenye magereji mengi mjini hapa na huyu ni wa kwanza kunionyesha hilo. Diski za Shangazi zilikuwa zimevuka mpaka. Hatukujadiliana.

Pembeni yetu ilipandishwa jeki Noah ya kubebea wanafunzi, jina la shule limebandikwa ubavuni. Tairi lilipotoka, hata mimi nisiye fundi niliona. Pedi zimekwisha zote, bati lake limekuwa likisaga diski chuma kwa chuma, na usoni mwa diski kuna mifereji unayoweza kuikamata kwa ukucha. Fundi wa upande ule, simlaumu, alisema ukweli: "Bosi, diski imekwisha." Mwenye gari hakuinua hata macho kwenye simu. "Wewe weka pedi. Diski itajichonga yenyewe."

Nikadhani nimesikia vibaya. Fundi akarudia, akarudia tena, kisha akanyamaza kama mtu aliyezoea kushindwa. Zikatolewa pedi mpya kwenye boksi. Kabla hazijafungwa, mwenye gari akaongeza agizo la pili: kile kibati kikunjwe, kisije kikapiga kelele kama kile cha zamani, wazazi wanalalamika.

Kwa asiyekijua, kibati hicho ni kipande kidogo cha chuma kilichofungwa pembeni mwa pedi. Kazi yake ni moja. Pedi ikibaki milimita chache, kinagusa diski na kupiga mluzi ili dereva ajue. Huyu bwana alisikia mluzi huo, akauacha upige mpaka pedi zikaisha, na funzo alilolipata ni kwamba kosa ni la kibati.

Nilimfuata. Nikamwambia, bwana mdogo, hizo diski hazifai, na hao ni watoto. Akanijibu kwa adabu kabisa, na adabu yake ndiyo iliyonikera zaidi: "Mzee wangu, kila mtu na gari lake." Nikamwambia gari ni lake, watoto si wake. Akasema tangu aanze kazi hii halijawahi kumsumbua. Akalipa, akaondoka, na saa nane mchana ile ile nina hakika alikuwa getini mwa shule anapakia.

Sasa nieleze alichokwenda nacho. Pedi mpya ni bapa. Ikikutana na diski yenye mifereji inagusa vilele tu, kwa hiyo inashika kidogo wakati ule ule ambapo dereva anajiamini kwamba breki ni mpya. Breki kazi yake ni kugeuza mwendo kuwa joto, na joto hilo hubebwa na diski. Diski iliyolika ni sawa na sufuria nyembamba jikoni: inashika moto upesi, na moto ukizidi unahamia kwenye pedi, kwenye kalipa, mpaka kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi joto 205. Yakishanyonya unyevu, na sisi wa Pwani unyevu tunaishi nao, kiwango hicho kinashuka hadi 140. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, mguu unazama mpaka sakafuni na gari linaendelea kwenda. Pistoni ya kalipa nayo inalazimika kutoka nje zaidi ili kuifuata diski iliyokonda. Huo ndio mzigo uliomo chini ya viti vya Noah ile.

Chanzo ni sisi wazazi. Tunauliza ada ya usafiri kwa mwezi, tunauliza gari linafika saa ngapi, tunaangalia stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama kwenye kioo, tunaridhika. Stika haipimi diski. Sijawahi kusikia mzazi kwenye kikao cha shule akinyosha mkono kuuliza breki za gari la watoto zimekaguliwa lini na nani.

Niliondoka hapo na hasira zangu kwenda Gerezani kumtafutia Shangazi diski. Duka la kwanza nilipewa maswali yale yale ya siku zote: unataka orijino, ya Japani au ya kawaida? Maboksi matatu yakawekwa juu ya meza, na hayo mawili ya kwanza yalitofautiana kwa rangi tu. Hakuna aliyeniuliza namba ya chesisi. Hili ni kosa kubwa kwa gari la umri huu, maana Corolla za miaka ile zilitoka na breki za ukubwa tofauti kufuatana na injini na soko zilikopelekwa. Diski inaweza kuingia kwenye boliti zake vizuri kabisa na bado isiwe yake.

Boksi silisomi tena, nasoma mgongo wa pedi. Pedi nyingi zina herufi mbili, kama EE, FF au GG. Ya kwanza inaeleza pedi inavyoshika ikiwa baridi, ya pili ikiwa imepata moto. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni juu ya hapo mpaka 0.55. Herufi hazikwambii pedi itadumu muda gani, lakini pedi ya FE inakuonya wazi kwamba ikichemka inalegea. Zile zilizopita kanuni ya Ulaya zina herufi E ndani ya duara na maandishi 90R. Maana yake zimejaribiwa na hazikupishana na pedi za kiwandani kwa zaidi ya asilimia 15. Alama zinaghushiwa, najua. Lakini pedi isiyo na alama yoyote mgongoni, hata jina la aliyeitengeneza, siiweki kwenye gari langu kwa bei yoyote ile.

Duka jingine walinining'inizia diski za mtumba zilizofungwa kwa waya. Ya Japani hiyo mzee, haifi. Nilimwomba maikromita, hana. Diski iliyolika Japani imelika, kuvuka bahari hakuirudishii milimita zake.

Na niliyaona hata ya mapafu. Kijana mmoja kwenye gereji ya jirani alikuwa anapuliza vumbi la breki kwa mdomo, uso ukiwa sentimita chache kutoka kwenye kalipa. Kwa miaka mingi pedi na viatu vya breki vilitengenezwa kwa asbesto, ambayo husababisha saratani ya mapafu na ya utando wake. Umoja wa Ulaya uliifungia kabisa kufikia mwaka 2005. Kijana yule hajui pedi aliyoitoa ilitengenezwa lini wala wapi. Vumbi hilo linafutwa kwa kitambaa kilicholowa au kwa dawa ya kusafishia breki, basi. Nilimwambia, akacheka, akapuliza tena. Nimeumia kwa sababu ni mdogo kuliko Zawadi wangu.

Shangazi amefungwa diski mpya na pedi mpya. Fundi alisafisha kwanza pale diski inapokaa kwenye habu, maana chembe ya kutu ikibaki hapo diski inakaa upande na mtetemo unarudi baada ya miezi. Akaziosha diski kuondoa yale mafuta ya kuzuia kutu ya kiwandani. Kisha tukatoka naye usiku barabara ikiwa tupu, mwendo unapanda hadi 60, unabanwa taratibu mpaka unakaribia kusimama bila kusimama, unaachiwa upoe, unarudiwa, ili pedi zipake diski sawasawa. Wengi hawafanyi hivyo, wanakwenda kuzizoesha breki mpya kwenye foleni. Desemba nitateremka naye Kitonga, na sina wasiwasi.

Kuna msomaji amenitumia swali ambalo nimeahidi kulijibu. Gari lake ni Corona ya zamani, diski ya kushoto mbele ndiyo iliyokwisha, ya kulia bado ina unene, na muuzaji amemshauri anunue moja ili aokoe hela. Ndugu yangu, usinunue. Diski hubadilishwa mbili mbili kwa ekseli moja, pamoja na pedi zake, la sivyo gari litavutwa upande mmoja siku utakapokanyaga kwa nguvu zako zote. Baada ya hapo mwambie fundi aangalie kalipa ya kushoto, huenda pistoni imekwama ndiyo maana upande huo ulitangulia kuisha. Na huyo muuzaji usirudi kwake. Hafai kuuza hata kengele ya baiskeli.