Gari dola 500, usalama hauna kikomo: Lemons tunaiiga nusu

Wiki iliyopita nilipita gereji moja (jina naliweka kapuni) nikakuta Altezza imevuliwa viti vya nyuma, sailensa imekatwa, na ndani jamaa wamechomelea mabomba kuzunguka kiti cha dereva. Nikauliza hii vipi, nikajibiwa "hii ya resi mwana, kama ile ya Wamarekani, Lemons". Nikaligusa lile bomba. Lilikuwa bomba la maji! Lile lile la kupeleka maji kwenye tenki. Sikubisha, wao walikuwa wengi, lakini nimeona niandike maana hii kitu wengi wameielewa nusu.

Kwa wasioijua: 24 Hours of Lemons ni mashindano ya magari chakavu yaliyoanza 2006 huko California, kwenye uwanja wa Altamont, mwanzilishi akiwa Jay Lamm. Jina ni utani kwa Le Mans, zile mbio za saa 24 za Ufaransa zilizoanza 1923. Na "lemon" kwa Wamarekani si limau tu, ni gari bovu uliloingizwa mjini ukalinunua. Wanaoshindana ni watu wa kawaida, wanachangishana, wananunua gari lililokufa, wanalifufua wenyewe na kupokezana usukani. Saa 24 zenyewe mara nyingi hazifiki, mashindano mengi yanagawanywa siku mbili na usiku watu wanapumzika. Au wanabadilisha injini.

Sharti linalojulikana dunia nzima ni moja: gari lisizidi dola 500. Kuna majaji wanakagua kabla ya mbio, wanachungulia kila kona, na ukionekana umedanganya unakatwa mzunguko mmoja kwa kila dola 10 iliyozidi. Zamani hata waandaaji walikuwa na haki ya kukununulia gari lako kwa hizo hizo dola 500, upende usipende. Sasa nani atathubutu kuficha injini ya bei mbaya mle?

Sasa hapa ndo jamaa zetu wameachwa. Hizo dola 500 HAZIHUSU usalama. Kizimba cha chuma kinachomlinda dereva gari likipinduka, kiti cha resi, mikanda, nguo za kuzuia moto, breki, matairi, vyote viko nje ya hesabu. Tumia unavyotaka. Kizimba peke yake kikitengenezwa na fundi anayejua kinapita dola elfu moja, yaani gari ni dola 500 na lile fremu ndani yake ni zaidi ya mara mbili. Ukifikiria vizuri ni ujanja mkubwa. Mtu mwenye hela kidogo siku zote atabana mahali, si ndivyo tulivyo? Wao wameweka sheria ili ubane kwenye injini na rangi, usibane kwenye shingo yako.

Na kizimba hakipiti kwa macho tu. Wakaguzi wanatazama unene wa bomba, wanatazama kama weldi imezunguka bomba lote au imeshikizwa upande mmoja ule unaoonekana, wanatazama kama miguu imekaa juu ya bamba la chuma au imechomelewa kwenye sakafu nyembamba ya gari. Bomba la maji halipiti. Halijatengenezwa kubeba pigo, likigongwa linakunjwa au linapasuka kwenye weldi, na hapo lile ulilodhani ni ngao linageuka mkuki ndani ya gari lako mwenyewe.

Twende piti, yaani pale pembeni ya uwanja magari yanapoingia kujaza mafuta na kutengenezwa. Kwenye video utaona vichekesho: mtu kavaa kama kuku, gari lina mwili wa ndege. Hilo la ndege ni kweli kabisa, Jeff Bloch, wakati huo polisi wa Washington, anayejulikana kama Speedycop, alichukua mwili wa Cessna akauweka juu ya Toyota likakimbia uwanjani. Huyo huyo alitengeneza Camaro inayoonekana inakimbia kichwa chini miguu juu. Zawadi inayoheshimika kuliko zote pale haiendi kwa aliyeshinda, inaenda kwa gari bovu kabisa lililojitahidi kupita matarajio. Na timu pinzani zinaazimana vipuri usiku kucha, leo unanipa rejeta, kesho nakufunga.

Lakini ikifika mafuta utani unaisha. Injini imezimwa, dereva ametoka, hakuna anayeshika spana, anayemimina kavaa nguo za moto na mwenzake kasimama na kizima moto mkononi. Ukigusana na gari lingine uwanjani mnaitwa wote, na hakuna cha "yeye ndo kanigonga". Wanakuadhibu kwa vituko, mfano kukufanya uigize bubu mbele za watu, ila ukirudia unafukuzwa.

Kusema kweli hata hiyo 500 imebaki kama utani sasa. Dola 500 za 2006 zilikuwa sawa na kama 780 za mwaka 2024, na magari yaliyotumika Marekani yalipanda bei vibaya sana 2021 viwanda vilipokosa chipu. Washindani wao, ChumpCar, walibadili jina wakawa ChampCar na kuhamia kwenye pointi, kila aina ya gari ina thamani yake. Lemons wamebaki na namba yao na macho ya majaji. Mimi naona Lemons wako sahihi, maana pointi zinampa nafasi mwenye kompyuta, majaji wanampa nafasi mwenye spana. Mnaweza kubisha.

Tukirudi kwetu, mafundi tunao. Nenda Gerezani pale Dar au Kirinyaga Road Nairobi, kuna watu wanafufua injini ambayo Mjapani mwenyewe ameshaitupa. Kenya wana autokrosi, mbio za uwanja wa vumbi uliofungwa, mpaka watoto wana darasa lao linaitwa Bambino. Ile Altezza ya gereji haiendi kwenye uwanja wowote. Nilimuuliza kijana anayeichomelea wataikimbizia wapi. Akaniambia barabarani, saa nane usiku, magari yakipungua.

Nimempigia simu juzi kumwambia habari ya bomba. Amesema la kweli bei yake haiwezi, na hela imeshaisha kwenye tabo. Kama kuna mdau fundi anayejua pa kupata bomba zuri la mtumba kwa bei ya kueleweka, aandike hapo chini, nitamfikishia.